Saa ya Kupita: Vyombo vya Anga na Watazamaji wa Alfajiri, kutoka Tunguu hadi Kitanga

Katika nchi ya juu ya Buha, kwenye miinuko iliyo kati ya Kasulu na Kibondo, watu huamkiana asubuhi kwa neno moja, "mwakeye", ambalo asili yake ni habari ya kucha. Anayeamkiwa huulizwa kana kwamba mapambazuko ni jambo lililomtukia yeye mwenyewe, na jibu lake ni ushahidi kwamba ameuvuka usiku salama. Nimeanza na salamu hii kwa sababu makala haya yanahusu jambo litukialo katika muda mfupi unaoitangulia. Jogoo wamekwisha kuwika, moto wa jikoni haujawashwa, na mbingu ingali nyeusi. Ndipo huonekana mara nyingine nuru moja iendayo kimya kati ya nyota, bila kumetameta kama nyota, bila kuvuta mkia kama kimondo, wala kutoa ngurumo kama ndege. Hicho ni chombo cha anga, kazi ya mikono ya watu.

Nakusudia kueleza mambo mawili. La kwanza ni historia ya namna vyombo hivi vilivyojulikana, au vilivyokosa kujulikana, kwa watu wa Afrika ya Mashariki tangu mwaka 1957. La pili ni kazi ya kuvitazama na kuvipiga picha kutoka mahali pamoja padogo, yaani Kitanga. Hoja inayoyaunganisha mambo haya ni kwamba mtu huwa shahidi wa chombo kipitacho juu ya kichwa chake pale tu aijuapo saa ya kupita kwake. Asiyepewa saa hubaki na mwanga usio na jina. Na mwanga usio na jina ama hutiliwa shaka, ama hupuuzwa na kusahauliwa.

Kwanza yafaa tueleze kwa nini vyombo hivi huonekana alfajiri, na tena jioni baada ya machweo, lakini aghalabu havionekani usiku wa manane. Chombo cha anga hakina taa ya kumulikia dunia. Nuru tuionayo ni ya jua, iliyopiga ubavuni mwake ikarudi kwetu. Mkazi wa Buha hahitaji kitabu ili alielewe jambo hili. Akiwa bondeni alfajiri, hukiona kilele cha mlima kimekwisha kupata jua ilhali yeye na mbuzi wake wangali gizani. Chombo cha anga ni kilele kirefu kupita vyote. Kituo cha Kimataifa cha Anga, ambacho kilianza kuunganishwa mwaka 1998 na ambacho hakijakosa watu ndani yake tangu Novemba 2000, huzunguka dunia kwa urefu wa kilomita kama 400, kwa mwendo wa kilomita kama 28,000 kwa saa, na huumaliza mzunguko mmoja kwa muda wa saa moja na nusu hivi. Kwa urefu huo, jua hukifikia zaidi ya saa nzima kabla halijatufikia sisi. Usiku wa manane chombo nacho huwa kimezama katika kivuli cha dunia, na mchana weupe wa mbingu hukimeza. Nafasi ya mtazamaji imo katikati ya hali hizo mbili.

Huko Kitanga nafasi hiyo ina tabia yake. Saa za Afrika ya Mashariki hupimwa kwa longitudo ya digrii 45 mashariki, mstari ambao haupiti popote katika ardhi ya Tanzania. Kigoma iko mbali sana magharibi ya mstari huo, na kwa sababu hiyo jua la Kitanga huchelewa kwa saa ya ukutani. Mwezi Julai, mkazi wa Dar es Salaam akiwa amekwisha kuliona jua, mwenzake wa Kitanga hulingoja kwa zaidi ya nusu saa, hata saa moja ipite. Basi mtazamaji wa Kitanga hutoka nje saa kumi na moja na nusu bila kuhofu kuchelewa, na huweza kuendelea kutazama mpaka baada ya saa kumi na mbili na nusu. Tena, kwa kuwa mahali hapo pako karibu na Ikweta, kiasi cha digrii nne kusini yake, jua huchomoza kwa kupanda wima, na mapambazuko hayakawii. Kutoka giza kamili hata weupe wa kuzifuta nyota ni muda wa kunywa uji tu.

Ipo tofauti nyingine ambayo vitabu huigusia kwa haraka. Jioni, chombo hutoka magharibi kiking'aa, kisha huzimika ghafla kabla hakijatua, maana kimeingia katika kivuli cha dunia. Alfajiri mambo hugeuka. Kivuli kiko magharibi, na chombo hutoka ndani yake. Mtazamaji huona mahali patupu, na mara nuru huwaka hapo hapo juu ya upeo wa macho kana kwamba imetiwa kiberiti, ikaenda zake mashariki mpaka ikayeyuka katika weupe wa asubuhi. Kwa asiyeelezwa sababu, jambo hili ni la ajabu, na pengine ni la kutisha.

Isidhaniwe kwamba watu wetu walikuwa wageni wa mbingu mpaka walipokuja wahandisi. Mkulima wa pwani aliijua kilimia, kundi lile dogo la nyota, na akaitungia methali isemayo kwamba kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, na kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Methali hiyo ni kalenda kamili ndani ya maneno machache. Nahodha aliisoma njia yake ya usiku kwa nyota. Na wanavyuoni wa dini walifundisha kutenga alfajiri ya uongo, weupe mwembamba usimamao kama mkia, na alfajiri ya kweli itandaayo upeoni. Elimu hizi zote zilikuwa na msingi mmoja, nao ni kujua wakati. Nyota haikuhesabiwa kuwa imejulikana mpaka ijulikane itazuka lini.

Sasa na tuje kwenye habari za vyombo. Tarehe 4 Oktoba 1957 Warusi walirusha Sputnik, mpira wa madini wenye upana wa sentimita 58 na uzito wa kilo kama 84. Wengi waliosema baadaye kwamba waliiona Sputnik kwa macho waliona kwa kweli mwili mkubwa wa roketi iliyoibeba, maana mpira wenyewe ulikuwa mdogo mno. Huko Marekani taasisi ya Smithsonian ilikuwa imekwisha kuwaandaa watu wa kujitolea katika nchi mbalimbali, walimu, wanafunzi na mafundi, ambao waliketi safu moja alfajiri na jioni, kila mmoja na darubini yake ndogo, ili chombo kisivuke safu hiyo bila kuonwa na angalau mtu mmoja. Aliyekiona alitamka, na saa ikaandikwa papo hapo. Pamoja na hao ziliwekwa kamera kubwa 12 katika sehemu mbalimbali za dunia. Barani Afrika mojawapo ilikuwa Olifantsfontein, Afrika Kusini, na katika miaka ya 1960 nyingine iliwekwa Debre Zeit, Ethiopia. Picha za kamera hizo zilikuwa na thamani kwa sababu moja: kila picha ilibeba saa yake sahihi. Nyota zilionyesha mahali, saa ikaonyesha wakati, na kwa mambo hayo mawili njia ya chombo ikahesabiwa.

Tarehe 12 Agosti 1960 Wamarekani waliinua Echo, puto la karatasi ya plastiki lililopakwa madini, lenye upana wa mita kama 30. Lilizunguka dunia mpaka mwaka 1968, na liling'aa kupita nyota nyingi. Puto hilo lilipita juu ya nchi zetu zote, na huenda liliwahi kuonwa na watu wengi wa Tanganyika kuliko chombo kingine chochote cha siku zile. Lakini ni nani aliyewaambia jina lake?

Mwenyeji wangu huko Kitanga ni mzee mwenye umri wa zaidi ya miaka themanini. Ujanani alikwenda kufanya kazi ya mkonge upande wa Tanga, kama walivyokwenda vijana wengi wa Buha, wakaitwa manamba kwa ajili ya namba walizopewa. Nilipomwambia shughuli iliyonileta, alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Mwalimu, nyota hiyo itembeayo mimi niliiona kambini, kabla ya uhuru na baada ya uhuru. Tulikuwa tumesimama mstarini kungoja kuitwa namba, bado giza. Ikapita juu yetu. Nikamwuliza mnyapara, akaniambia nitazame mkonge, mbinguni sina kazi." Akacheka, lakini cheko lake halikuwa la furaha tupu. Nikamwambia kwamba yamkini aliyoiona ni Echo, nikamweleza lile puto. Akaniuliza kama lilikuwa na watu ndani. Nikamjibu kwamba halikuwa na mtu. Akasema, "Basi nimeibeba bila jina miaka sitini."

Nimeyaandika maneno hayo kwa sababu yanaeleza kwa ufupi hali ya mambo katika nchi zetu wakati huo, na yatatusaidia kuelewa yaliyotukia Unguja, ambako watu hawakupitiwa na vyombo tu, bali waliwekewa kituo cha kuvisikiliza.

Mwezi Oktoba 1960, Zanzibar ikiwa ingali chini ya himaya ya Waingereza, serikali za Uingereza na Marekani zilipatana kuweka kisiwani kituo cha mradi wa Mercury, mradi wa kumpeleka Mmarekani kuizunguka dunia. Mitambo iliwekwa Tunguu na Chwaka. Kituo hiki kilikuwa kimojawapo cha vituo 18 vilivyoizunguka dunia, viwili kati yake vikiwa juu ya meli. Na jirani yake upande wa magharibi alikuwa Kano, Nigeria. Kazi yake haikuwa kurusha kitu. Ilikuwa kupokea kwa redio habari za chombo na za mtu aliyemo, kama vile mapigo ya moyo wake na hali ya hewa anayovuta, kusema naye kwa dakika chache akiwa karibu, na kupeleka habari hizo Marekani.

Tarehe 20 Februari 1962 John Glenn aliizunguka dunia mara tatu. Katika mzunguko wa kwanza alivuka Afrika kutoka Kano, akasema na kituo cha Zanzibar, kisha akayaona machweo yake ya kwanza juu ya Bahari ya Hindi. Mwezi Mei 1963 Gordon Cooper alizunguka mara 22, na alipokuwa akipita karibu na Zanzibar alitoa salamu za heri kwa viongozi wa Afrika, ambao mkutano wao wa kuunda Umoja wa Nchi Huru za Afrika ulikuwa Addis Ababa mwezi huo huo. Salamu ilitoka juu, ikapokewa katika ardhi yetu, ikapelekwa mbele kwa waya. Lakini mkulima wa muhogo wa Tunguu, aliyekuwa karibu zaidi na mashine iliyoipokea, hakuwa na njia ya kujua kwamba wakati ule mtu alikuwa akipita juu yake na kuitaja Afrika.

Haistaajabishi basi kwamba kituo hicho kilitiliwa shaka tangu siku zake za kwanza. Chama cha Zanzibar Nationalist Party, ambacho watu walikiita Hizbu, kilikipinga waziwazi, na maneno yaliyoenea yalikuwa kwamba hapo ni mahali pa roketi za vita, na kwamba siku ya vita kisiwa ndicho kitakachopigwa kwanza. Wapo waandishi waliozicheka hofu hizi kuwa ni ujinga. Mimi siwafuati. Ni kweli kwamba Tunguu hapakuwa na roketi hata moja. Lakini roketi ya Atlas, iliyomwinua Glenn, ilikuwa imebuniwa kwanza kuwa silaha ya kuvuka bahari. Na mapatano ya kituo yalifungwa na wakubwa bila wenyeji kuulizwa wapendavyo. Mtu aonaye uzio, milingoti na magari, asiambiwe kinachongojwa wala saa kitakapopita, atajitungia maelezo yake mwenyewe, na maelezo hayo yatafuata mambo aliyokwisha kuyaona duniani. Watu wa Unguja walikuwa wameyaona mengi. Mwaka 1896 mji wao ulipigwa mizinga kutoka baharini. Kudhani kwamba mitambo ya wageni ina uhusiano na mizinga haikuwa fikira ya mtu mpumbavu.

Baada ya Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964, Wamarekani wa kituoni waliondoshwa kisiwani. Mwezi Aprili, kabla ya Muungano kufungwa, serikali ya Rais Abeid Amani Karume iliagiza kituo kiondolewe. Kazi yake ikahamia Madagascar, karibu na Tananarive. Na huko nako, baada ya mageuzi ya serikali, kituo kilifungwa mwaka 1975. Yaliyotukia mahali pawili kwa namna moja yatupasa tuyafikiri. Mitambo ilifanya kazi yake vizuri. Uhusiano wake na watu waliokuwa nje ya uzio ndio uliokosekana.

Ipo kumbukumbu nyingine ya miaka hiyo ambayo wanafunzi wetu huijua nusu tu. Mwaka 1959, katika hotuba yake barazani, Mwalimu Julius Nyerere alisema habari ya kuwasha mshumaa na kuuweka juu ya mlima Kilimanjaro. Mshumaa huo unakumbukwa na kila mtu. Lakini katika hotuba hiyo hiyo alizitaja roketi pia: kwamba sisi hatuwezi kuzipeleka mwezini kama wengine, ila twaweza kuwapelekea wanadamu wenzetu roketi za upendo na matumaini. Maneno hayo yalisemwa miaka miwili baada ya Sputnik, na yanaonyesha kwamba jambo la angani lilikuwa limekwisha kuingia katika fikira za wanasiasa wetu, kama kipimo cha nguvu tusizokuwa nazo.

Pwani ya Kenya mambo yalichukua sura nyingine. Waitalia, wakiongozwa na Profesa Luigi Broglio, walisimamisha majukwaa ya chuma baharini karibu na Malindi, na tarehe 26 Aprili 1967 walirusha kutoka hapo setilaiti ya San Marco 2. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya kutimiza miaka saba ya uhuru wa Kenya, ilirushwa kutoka hapo setilaiti ya Wamarekani ya kuchunguza miale ya eksirei kutoka nyota za mbali, ikapewa jina Uhuru kwa heshima ya siku hiyo na ya wenyeji. Hilo ni neno la Kiswahili lililoandikwa katika elimu ya nyota ya dunia nzima, na orodha ya vyanzo 339 vya miale iliyotokana na kazi yake ingali ikitajwa kwa jina hilo. Kwa mtu wa Kitanga lipo jambo la ziada. Njia ya Uhuru iliambaa na Ikweta, haikutoka nje yake zaidi ya digrii tatu. Kwa hiyo, mpaka ilipoanguka mwaka 1979, setilaiti hiyo ilipita karibu na utosi wa Buha mara nyingi kila siku, mwaka baada ya mwaka. Ilikuwa ndogo, na sidhani kama kuna aliyeiona kwa macho. Lakini yatupasa kusema kwamba wakazi wa miinuko hiyo waliishi miaka minane chini ya njia ya Uhuru bila kupata habari.

Mwaka 1972 una mahali pake maalum katika historia hii. Mwaka huo maelfu ya watu walikimbia mauaji nchini Burundi, wakavuka mpaka kuingia magharibi ya Tanzania. Mwaka huo huo ilianza Operesheni Kigoma, ambayo kwayo watu waliokuwa wakiishi kwa kutawanyika katika mashamba yao walihamishiwa vijijini. Na mwezi Julai wa mwaka huo Marekani ilirusha setilaiti ya kwanza ya kuipiga picha ardhi, ambayo baadaye iliitwa Landsat. Sisemi kwamba mambo haya matatu yana sababu moja. Nasema kwamba tangu hapo mashamba, misitu, vijiji na baadaye kambi za wakimbizi wa Buha vimekuwa vikipigwa picha kutoka juu na vyombo vya namna hiyo, na picha hizo zimewekwa katika maktaba za mbali, kila moja na tarehe na saa yake. Mtafiti atakaye kujua msitu wa mahali fulani ulianza kupungua lini anaweza kuzitazama picha hizo. Lakini picha za kutoka chini kwenda juu hazikuwekwa na mtu. Mtu wa Buha ameandikwa kuwa ni kitu kionwacho, wala hajaandikwa kuwa ni mtu aonaye.

Ndiyo sababu nilikwenda Kitanga na kamera. Niliuchagua mwezi wa Julai, kwa kuwa mvua huwa zimekatika, ijapokuwa moshi wa nyasi zinazochomwa hutanda upeoni na kuzificha nyota za chini. Kazi yenyewe si ngumu. Kamera huwekwa juu ya miguu mitatu ili isitikisike, lenzi hufunguliwa kwa upana wake wote, na huachwa wazi kwa muda wa nusu dakika au zaidi. Katika picha nyota huonekana kama nukta, au vistari vifupi kwa sababu ya kuzunguka kwa dunia, na chombo huandika mstari mrefu mweupe kati yake. Ndege nayo huandika mstari, lakini mstari wake una alama za taa zinazowaka na kuzima. Na kimondo huandika mstari uliokonda ncha zote mbili.

Siku ya kwanza nilifanikiwa, au nilidhani nimefanikiwa. Nuru ilizuka upande wa Burundi, nikafungua kamera, na mstari ukatokea mzuri, ukipita karibu na nyota ninazozifahamu. Nilimwonyesha mzee picha hiyo nikiwa na fahari. Akaitazama kwa makini, akauliza, "Saa ngapi hiyo?" Sikuweza kumjibu. Saa ya kamera haikuwa imerekebishwa, na kwa furaha yangu sikutazama saa ya mkononi. Mimi, mtu wa chuo kikuu niliyekuja kuwakusanyia wengine ushahidi, nilikuwa na mwanga usio na saa, sawasawa na yeye kule kambini. Tofauti yetu ni kwamba wangu ulikuwa kwenye picha.

Mjukuu wake, msichana wa sekondari, ndiye aliyeyatengeneza mambo. Siku hizi saa za kupita kwa vyombo vikubwa hutangazwa kwa kila mahali duniani, na mwenye simu yenye mtandao huweza kuzipata siku kadhaa kabla. Alitafuta saa za Kitanga, akaziandika katika daftari lake la shule, akachora safu tatu: saa iliyotangazwa, saa tuliyoiona, na upande wa mbingu. Siku ya tatu tulitoka watu sita, pamoja na mzee aliyejifunika blanketi. Daftari lilisema kwamba kituo kitatoka kivulini saa kumi na mbili na dakika nne. Msichana alishika simu akahesabu kwa sauti. Alipofika dakika ya nne hapakuwa na kitu, na mtu mmoja akaanza kunong'ona kwamba tumedanganywa. Kisha nuru ikawaka kaskazini-magharibi, theluthi moja ya njia ya kuelekea utosini, ikapanda, ikatupita, ikashuka upande wa Moyowosi mpaka weupe wa asubuhi ulipoichukua. "Na sita," alisema msichana, yaani sekunde sita baada ya saa iliyoandikwa, naye akaziandika. Mzee aliifuata kwa kichwa chake tangu mwanzo hata mwisho, kisha akauliza kama hiyo ilikuwa na watu. Mjukuu akamjibu, "Ndiyo, babu, ina watu." Mzee akasema, "Hao wameamkaje?" Wote tukacheka, lakini nadhani lilikuwa swali la kweli, kwa maana katika nchi yake apitaye karibu nawe alfajiri huamkiwa.

Picha ya siku hiyo si nzuri kama ile ya kwanza. Kamera ilitikiswa kidogo, na tawi la mwembe limeingia pembeni. Lakini ina jina la mahali, ina tarehe, ina saa hata sekunde, na ina majina ya mashahidi sita katika daftari. Mtu awaye yote, popote alipo, anaweza kuipima kwa hesabu za njia ya kituo akaona kama tumesema kweli. Ile ya kwanza nimeihifadhi kwa kumbukumbu tu.

Wasomaji wengine watasema kwamba haya ni madogo. Watasema kwamba Afrika ya Mashariki sasa ina setilaiti zake, na kwamba historia inayostahili kuandikwa ni hiyo. Ni kweli kwamba mwaka 2018 chombo kidogo cha wanafunzi na walimu wa Kenya kilitolewa kutoka Kituo cha Kimataifa. Kwamba mwishoni mwa mwaka 2022 Uganda ilipata PearlAfricaSat-1 kwa njia hiyo hiyo. Na kwamba Taifa-1 ya Kenya ilirushwa kutoka Marekani tarehe 15 Aprili 2023. Nayafurahia mambo hayo. Hata hivyo, historia ya Tunguu yatuonya kwamba kuwa na mitambo ardhini mwako, au hata kuwa na chombo angani chenye jina la lugha yako, hakutoshi kuwafanya watu wako wawe na sehemu katika jambo hilo. Serikali yetu wenyewe yaweza kujenga uzio na kutosema saa, kama walivyofanya wageni.

Kwa wanafunzi wa historia ninalo pendekezo. Wangali hai wazee waliosimama katika mistari ya mkonge, waliolala jahazini, waliolinda mashamba dhidi ya nguruwe usiku, na waliotembea alfajiri kwenda msikitini au kanisani katika miaka ya 1957 hata 1970. Wengi wao waliona kitu. Na waulizwe waliona nini, wakiwa wapi, katika msimu gani wa mwaka, kikienda upande gani, na waliambiwa nini walipouliza. Njia za vyombo vya siku zile zinajulikana, na baadhi ya habari hizo zitaweza kulinganishwa nazo. Tena, na waandike habari za siku zao wenyewe, kwa saa na tarehe, katika madaftari yatakayowekwa shuleni. Kazi hiyo haihitaji fedha nyingi, ila yahitaji kuamka.

Mzee wa Kitanga alinisindikiza mpaka barabarani siku ya kuondoka. Aliniomba nimwandikie katika karatasi jina la lile puto la ujanani mwake, pamoja na mwaka liliporushwa na mwaka lilipoanguka. Niliandika: Echo, 1960, 1968. Akaikunja karatasi, akaitia katika mfuko wa koti lake.